Kutoka Dijon hadi Volnay: shajara ya glasi za mvinyo mwekundu

Jumanne, Dijon

Treni ya kutoka Lyon ilitushusha Dijon saa nne asubuhi, na shemeji hakutaka hata tupitie hotelini kuacha mabegi. Soko la ndani hufungwa mchana, naye alikuwa na kitu alichotaka ninunue kabla ya kugusa chupa yoyote: jamu.

Shemeji ni mume wa dada yangu, mzaliwa wa Bukavu, na kazi yake ni kuchagua na kumimina mvinyo katika mgahawa mmoja wa Lyon. Mimi nimekulia Hombolo, Dodoma, kwenye nyumba inayoishi kwa zabibu. Mzabibu naujua kuanzia kupogoa hadi kuvuna, na mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, naujua ukiwa kwenye matangi unasubiri mnunuzi asiyepokea simu. Mvinyo mwekundu wa kifahari wa Ufaransa nilikuwa naujua kwa bei tu, na ile bei nilikuwa naiita porojo la matajiri. Nilimwambia hivyo mezani kwake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Uje mwezi wa kumi, shemeji, wakiwa wamemaliza kuvuna. Tutembee mteremko wote wa Bourgogne. Ndipo utasema."

Basi jamu. Ilikuwa ya cassis, beri ndogo nyeusi ambazo Dijon inajulikana kwazo. Wanaoandika kuhusu mvinyo wa huku hawaishi kutaja harufu yake, na mimi nilikuwa sijawahi kuionja maishani. "Pua haimtambui mgeni," alisema. Tulikaa kwenye benchi nje ya soko tukala kwa kijiko, tukafuatisha rasiberi mbichi. Nikamwambia kwamba nitatumia pia orodha yangu mwenyewe: forosadi, zambarau, karafuu, iliki, majani ya chai yaliyolowa, udongo wa Dodoma mvua ya kwanza inapodondoka. Hakupinga. Karafuu hasa aliipenda, maana pipa la mwaloni lililobanikwa ndani kwa moto huacha kwenye mvinyo kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake.

Mchana tulizunguka mji bila haraka. Kila baa inauza kir, mvinyo mweupe uliotiwa pombe tamu ya cassis, kinywaji chenye jina la padri Félix Kir, aliyekuwa meya wa Dijon tangu 1945 hadi alipofariki 1968. Tulikunywa mmoja mmoja. Mtamu, unapita, sina la kuongeza.

Usiku ndipo kazi ilipoanza. Chupa ya kwanza ilikuwa ya ngazi ya chini kabisa, lebo inasema Bourgogne na basi, bei haifiki euro ishirini. Hapa ngazi ni nne. Chini kuna mvinyo wa jimbo zima, juu yake wa kijiji, kisha Premier Cru, na kileleni Grand Cru. Cha kushangaza kwa mkulima kama mimi ni kwamba cheo hupewa ardhi. Bordeaux, jimbo jingine la mvinyo, mwaka 1855 walipanga kwa vyeo majina ya mashamba ya watu na nyumba zao. Huku Bourgogne anayelima vibaya kwenye kipande cha Grand Cru bado anaandika Grand Cru kwenye lebo yake.

Shemeji alitandika kitambaa cheupe cha mezani, akainamisha glasi juu yake. Mvinyo ulikuwa mwepesi wa rangi kiasi kwamba nilisoma herufi za kitambaa kupitia glasi. Zabibu nyekundu za mteremko huu ni za aina moja, Pinot Noir, na ganda lake ni jembamba, hivyo rangi haikolei. Ukingoni mwa glasi ndiko umri unakoonekana: mchanga huwa na uzambarau, mzee huelekea rangi ya tofali. Zaidi ya hapo rangi isikushawishi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio lililowaaibisha wengi: waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, na wanafunzi wakauelezea kwa maneno ya matunda mekundu. Jicho lilikuwa limeshatoa hukumu, pua ikatia saini tu.

Utaratibu wake ni huu. Nusa kwanza glasi ikiwa imetulia, kwa sababu harufu nyepesi hukimbia ukianza kuizungusha. Kisha zungusha, nusa tena. Chukua funda dogo, livutie hewa kidogo mdomoni, lifikishe kila kona. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Pima uchachu kwa mate yanayochuruzika pembeni mwa ulimi. Pima ukakasi kwa fizi. Tema. Halafu hesabu sekunde hadi ladha ipotee.

Bourgogne yetu ilinukia rasiberi, ikachachuka vizuri, ikapotea kabla sijafika sita. "Sasa uache," shemeji akasema, na glasi zikakaa juu ya meza nusu saa nzima huku tukiongea habari za nyumbani. Tuliporudi kwake ilikuwa vilevile, kasoro imechoka kidogo. Mvinyo safi, wa kunywea chakula cha jioni. Ulisema yote dakika ya kwanza.

Jumatano, Gevrey-Chambertin

Kwa treni ni dakika chache tu kutoka Dijon. Ukishuka stesheni uko tambarare, na huko bonde la chini kuna ngano na maghala. Unapanda kuelekea magharibi, unavuka barabara kuu, na mizabibu inaanza kukuzunguka. Majani yalikuwa yamegeuka manjano. Mizabibu ni mifupi, haifiki kifuani, mistari imeachana mita moja hivi, na kwa hekta moja hupandwa karibu miche 10,000. Trekta zake zina miguu mirefu, zinapita juu ya mstari badala ya katikati. Nilipiga picha nyingi za trekta kuliko za kanisa, baba yangu atanielewa.

Kwetu Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hapa ni mara moja, na hata hiyo moja si uhakika: Aprili 2021 baridi kali iliwakuta mizabibu imeshachipua, na wakulima wakakesha wakiwasha mishumaa mikubwa ya kuota moto katikati ya mistari. Kwenye ardhi ya Grand Cru sheria inaruhusu lita 3,500 hadi 3,700 hivi kwa hekta. Nilipomtajia shemeji kiasi ambacho mkulima wa Hombolo anatarajia, alicheka, akasema ndiyo maana bei yenu iko vile. Nilimjibu kwamba bei yetu iko vile kwa sababu nyingine pia, tukaacha.

Njia inayokwenda kusini kutoka kijijini inapita katikati ya Grand Cru tisa za Gevrey. Chambertin na Clos de Bèze zimepakana upande wa juu, chini kidogo ya msitu. Clos de Bèze ilikuwa ya watawa wa abasia ya Bèze tangu karne ya 7. Chambertin ndiyo aliyoipenda Napoleon, ambaye husemwa aliichanganya na maji, na kijiji kiliona jina lake ni la thamani kiasi cha kulibandika kwenye jina lake chenyewe mwaka 1847. Hakuna lango wala mlinzi. Ukuta wa mawe unakufika magotini, na upande wa pili wa njia, hatua kumi chini, bado ni Grand Cru, ila jina linabadilika. Nilichota udongo pande zote mbili. Juu ni mwembamba, umejaa vipande vya chokaa. Chini ni mzito na unanata.

Alasiri tulipokelewa na mama mmoja mkulima, mtu mzima, ambaye shemeji hununua kwake kwa ajili ya mgahawa. Ghala lake liko chini ya nyumba, baridi, ukungu mweusi ukutani. Alipanga glasi tatu juu ya pipa, zote za familia yake, zote za 2017: Gevrey ya kijiji, Premier Cru moja, na Charmes-Chambertin ambayo ni Grand Cru.

Nilitegemea ngazi iliyonyooka. Ya kijiji ilijitangaza mara moja: cheri, ngozi mpya, ukakasi wa kuamsha fizi. Premier Cru ilikuwa pana zaidi na karafuu ilikuwa wazi. Grand Cru haikunipa kitu. Harufu finyu, mdomoni imejikunja, ukakasi mwembamba lakini mwingi. Nikamtazama shemeji, naye akatazama dari. Mama akaendelea na shughuli zake, akatuacha na glasi zetu.

Baada ya nusu saa ya kijiji ilikuwa imetulia. Premier Cru ilipanda kidogo kisha ikasimama. Ile ya tatu ilianza kubadilika, na haikuacha: kwanza forosadi zilizoiva, kisha majani ya chai, kisha kitu cha msituni, uyoga na majani makavu, kisha ikarudi kwenye tunda. Ukakasi wake uliokuwa umetawanyika ulikusanyika. Nilihesabu sekunde baada ya kutema, nikapita ishirini, nikaacha kuhesabu kwa kuwa mama alikuwa ananiuliza swali. Wafaransa wana kipimo chao cha jambo hili, wanakiita caudalie, na caudalie moja ni sekunde moja.

Swali lake lilikuwa kama nimeipenda. Nilimwambia, shemeji akinitafsiria, kwamba hiyo ndiyo pekee kati ya tatu ambayo ningependa kujua itakuwaje kesho. Alionekana kuridhika. Kuhusu bei yake, zaidi ya mara tatu ya ile ya kijiji, sikusema kitu mbele yake.

Alhamisi, Morey, Chambolle, Vougeot

Tulitembea. Ni kilomita chache kati ya kijiji na kijiji, njia ya lami nyembamba, mizabibu pande zote.

Morey-Saint-Denis ndiko kuna familia ya Ponsot, na shemeji alinipigia hadithi yao tukiwa tumekaa ukutani tunakula mkate. Mwaka 2008 mnada mmoja wa New York ulitangaza chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la Ponsot, nyingine zimeandikwa 1945. Laurent Ponsot akapanda ndege kwenda kuzuia, kwa sababu familia yake ilianza kutengeneza mvinyo wa shamba hilo miaka ya 1980. Zilikuwa za Rudy Kurniawan, kijana ambaye matajiri na wajuzi wa Marekani walimwamini kwa ulimi wake. Alikamatwa 2012, jikoni kwake alikuwa akichanganya mvinyo na kubandika lebo za zamani. Alihukumiwa miaka kumi jela. Kinachoniuma katika hadithi hii ni kwamba wanywaji walikuwa wamekunywa chupa zake kwa miaka, wakazisifu. Aliyemfichua alisoma tarehe.

"Kwa hiyo ulimi wenu hauna maana?" nilimchokoza.

"Ulimi unapima kilichomo, shemeji. Jina la baba yake haulijui."

Chambolle-Musigny tulipita haraka, kijiji kimefungwa mchana, paka wawili na mvua nyepesi.

Clos de Vougeot ni jambo jingine. Ni shamba moja la hekta 50 lililozungushiwa ukuta na watawa wa Cîteaux, walioanza kulikusanya karne ya 12. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya, likauzwa, na baadaye urithi na biashara vikalikata vipande. Leo lina wamiliki wapatao themanini. Wote wanaandika jina moja kwenye lebo, Grand Cru, kuanzia juu palipo na kasri hadi chini kabisa palipogusana na barabara kuu. Kasrini wameacha mashine za watawa za kukamulia, magogo ya mwaloni makubwa kiasi kwamba nilijaribu kukumbatia moja, mikono haikukutana.

Kila kitabu kinasema juu ni bora: udongo mwembamba juu ya chokaa, maji hayatuami. Chini ni mfinyanzi mzito. Kwenye duka moja la jirani wanalouza mvinyo kwa glasi ndogo tulipata mbili za 2018, moja ya mmiliki wa juu karibu na kasri, nyingine ya mmiliki mwenye mistari yake chini. Tulizikalia kwa saa nzima. Ya juu ilianza kwa mbwembwe, mwaloni mwingi, vanila, tunda lililopikwa. Dakika arobaini baadaye mwaloni ulikuwa bado umekaa mlangoni na nyuma yake hapakuwa na mtu. Ya chini ilianza ngumu ikafunguka taratibu, zambarau na chuma, uchachu wake hai. Shemeji alikubaliana nami, jambo ambalo si la kila siku. Maelezo yake: 2018 ulikuwa mwaka wa joto na ukame, na udongo mzito wa chini ulishika maji wakati wa juu unakauka. Na pia, alisema, kuna watu wanaolima na watu wanaomiliki. Hilo la pili nililielewa bila mkalimani.

Ijumaa, Vosne-Romanée na Nuits-Saint-Georges

Mtu hawezi kufika hapa asiende kwenye msalaba. Ni msalaba wa mawe, mweupe, umesimama pembeni mwa shamba la Romanée-Conti, hekta 1.8 tu. Prince de Conti alilinunua mwaka 1760 na jina lake likabaki. Tangazo dogo linaomba wageni wabaki njiani. Kulikuwa na watu kadhaa wanapiga picha za udongo, nami nikapiga. Mizabibu ya zamani, isiyounganishwa na shina la Kimarekani linalostahimili mdudu filoksera, iliendelea hapa hadi mavuno ya 1945; kisha ikang'olewa, na hapakuwa na Romanée-Conti hata chupa moja tangu 1946 hadi 1951. Sasa zinatoka chupa elfu tano au sita kwa mwaka, na moja huuzwa kwa zaidi ya euro elfu kumi. Sijaionja na sitaionja. Shemeji aliwahi kunusa glasi tupu ambayo mteja aliiacha mezani, na analisimulia tukio hilo kwa uzito ambao hata harusi yake haukuupata.

Jioni, mgahawani Nuits-Saint-Georges, tuliamua kujikaza na kununua chupa moja nzuri, Premier Cru ya Vosne yenye umri wa miaka kumi na ushee. Mhudumu aliimimina, shemeji akanusa ikiwa imetulia, akaniwekea glasi mbele bila kusema neno. Nilinusa. Tunda lilikuwa mbali, limefunikwa na blanketi, na juu yake kulikuwa na kitu cha stoo: boksi lililolowa likakaushiwa ndani. Nikazungusha, nikasubiri. Katika mvinyo ambao umefungwa tu, hewa hufungua. Hapa hewa iliongeza lile boksi.

Ni ugonjwa wa kizibo. Ukungu ulioko kwenye gome la kizibo, ukikutana na kemikali za klorini, huzaa kitu kiitwacho TCA, na pua ya binadamu hukisikia kikiwa sehemu chache tu kwa trilioni. Hakina sumu. Kinaua harufu tu, na hakiangalii bei. Mhudumu alinusa, akasema mvinyo uko sawa, ni wa kizee tu. Hapo nikaona Mkongo aliyetulia akibadilika. Alizungumza kwa adabu, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, na mwishowe akaomba glasi tupu, akamimina, akaifunika kwa sahani, akamwomba mhudumu arudi baada ya dakika kumi. Aliporudi na kunusa hakuwa na haja ya kuongea. Chupa ilibadilishwa. Ya pili ilikuwa nzuri tu, ingawa tayari tulikuwa tumekula nusu ya chakula na hasira ilikuwa imekula nusu nyingine.

Jumamosi, Beaune

Siku ya soko. Jibini liitwalo Époisses, ambalo huoshwa kwa pombe kali ya makapi ya zabibu, lilinusika kutoka upande wa pili wa uwanja. Shemeji alinikataza kuligusa hadi jioni, maana baada yake pua haifai kwa kazi.

Asubuhi tuliingia Hôtel-Dieu, hospitali ya masikini iliyoanzishwa 1443 na Nicolas Rolin, kansela wa mtawala wa Bourgogne, pamoja na mkewe Guigone de Salins. Paa la vigae vya rangi liko kwenye kila kadi ya posta. Wagonjwa walilazwa humu hadi 1971. Karne kwa karne watu waliiachia mizabibu katika wosia, sasa ina hekta 60 hivi, na Jumapili ya tatu ya Novemba mvinyo wake mchanga hupigwa mnada kwa mapipa ya lita 228. Mnada huo upo tangu 1859, na wafanyabiashara huutazama kujua bei za mwaka zinaelekea wapi.

Ndani wana mchoro mkubwa wa Rogier van der Weyden, Hukumu ya Mwisho, uliowekwa zamani ambapo wagonjwa wangeuona wakiwa vitandani. Sijui kama uliwafariji. Katikati malaika Mikaeli ameshika mizani. Shemeji alinionyesha upande ulioshuka, ulio mzito zaidi: ni wa dhambi. Mwema ndiye mwepesi, anapanda. "Nikikutana na mteja anayeniambia mvinyo mzuri ni ule mzito, nitamleta hapa," alisema, na mlinzi akatutupia jicho kwa kucheka.

Mchana tulionja kwenye maghala ya chini ya mji, mapango marefu yenye chupa nyingi na watalii wengi zaidi. Glasi saba, mbio mbio, mwongozaji anatazama saa. Kwenye daftari langu nimeandika "nyekundu, nzuri" mara nne. Ni njia mbaya ya kuonja chochote.

Usiku, Époisses. Lilistahili kusubiriwa.

Jumapili, Pommard na Volnay

Kutoka Beaune kuna njia ya baiskeli katikati ya mizabibu. Tulikodi baiskeli, tukafika Pommard kabla jua halijapanda, na Volnay ni kijiji kinachofuata juu ya kilima, mwendo wa kumaliza mazungumzo moja. Zabibu ileile, mteremko uleule, hakuna Grand Cru hata moja kwa yeyote. Pommard ina mfinyanzi na chuma. Kipande chake maarufu, Rugiens, kina udongo mwekundu ambao kwa mara ya kwanza safari hii ulinikumbusha nyumbani. Volnay ina chokaa nyingi zaidi. Husemwa Pommard ni ngumu, Volnay ni laini.

Husemwa. Shemeji alikuwa na nusu chupa mbili ndani ya begi, Pommard na Volnay, zote Premier Cru, zote za 2014, kila moja imevalishwa soksi. Alizifungua kwenye benchi juu ya kanisa la Volnay, tambarare yote ya mto Saône ikiwa chini yetu, na akaweka simu yake juu chini ili asitazame saa.

Soksi ya kijivu: mwanzoni ni ukakasi mtupu, wa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nyuma yake cassis, sasa ninaijua, na kitu cha damu. Soksi ya bluu: harufu kabla sijafikisha glasi usoni, waridi, rasiberi, iliki kidogo. Mdomoni nyepesi, lakini ndefu kupita kijivu. Niliandika Volnay kwa bluu bila kusita, na ndivyo ilivyokuwa.

Robo saa. Kijivu imelegea kidogo. Bluu imepoteza waridi, imepata udongo wenye unyevu. Nusu saa. Kijivu inaanza kuongea, cassis imekuwa zambarau, ukakasi umekuwa kama kitambaa badala ya msasa. Bluu inaendelea kubadilika ila kwa sauti ileile ya chini. Saa moja. Shemeji anasema kijivu imeshinda. Mimi nasema imeamka tu, kuamka si kushinda. Akatoa nyama baridi ya ng'ombe na mkate, akanilazimisha nirudie nikiwa natafuna, na ni kweli, pamoja na nyama ile Pommard ilikaa vizuri kuliko jirani yake; mafuta na protini ya nyama huupa ukakasi kitu cha kushika kisiwe fizi zako. Niliiandika hiyo pia. Lakini mvinyo unaohitaji ng'ombe ili uonekane nimeupa alama moja pungufu, na nimekataa kuirudisha.

Kuhusu bei, nilimpa msimamo wangu pale benchini. Charmes-Chambertin ya yule mama ingekuwa fedha yangu ningeilipa mara moja, kwa sherehe. Clos de Vougeot ya juu, hata bure ningefikiri. Bourgogne ya Jumanne ningeinunua kila wiki kama ningekuwa naishi huku. Na mchuzi wetu wa Dodoma haujawahi kupewa saa moja kwenye glasi na mtu yeyote ninayemjua, kwa hiyo nimemwomba baba aniwekee lita chache za msimu huu kabla hazijauzwa. Shemeji ameahidi kuzivalisha soksi.

Kijijini nilinunua chupa mbili za Volnay za mkulima mmoja, moja ya dada, moja ya kuachwa Lyon ilale miaka minane au kumi. Shemeji alinunua Pommard tatu kwa makusudi. Treni inapita Chalon, kisha Mâcon, na hadi Mâcon alikuwa bado anadai kwamba nimeihukumu Pommard ikiwa mtoto. Nilimwambia aniite ikikua.